Kikopo cha Riyama

Itangazwe rasmi kwamba Himid, mwanafunzi wa bweni, aliyarahisisha matibabu ya dada yake. Yaani alimtemea makohozi kikoponi.

Kinga ya mwili wa Riyama ilikuwa ikiishambulia mishipa yake ya fahamu, na miguu imelegea. Daktari alitaka kuishusha kinga hiyo kwa vidonge, ila kwanza apimwe kifua kikuu, maana bila kinga kingemmaliza. Riyama akakohoa kutwa, kikopo kikavu.

"Lete hapa, bi kizee," akasema Himid, akamjazia. Wakacheka.

Majibu yakaja safi. Riyama akameza vidonge, akatembea hadi mlangoni. Wiki ya tatu akatema damu.

"Yale makohozi yalikuwa yako kweli?" akauliza daktari.

"Naam," akajibu Riyama akihema.

"Muongo huyo, daktari," akasema Himid. "Yangu mimi. Nlikuwa nafanya mzaha."