Saa za Kungojea

Mkanda wa kubebea mawe ulisimama ghafla, na wanawake wanaochambua shaba wakatazamana. Zamani mkanda ukisimama, mshahara nao ulisimama. Tangu wagome kudai malipo hayo, kampuni inalipa hata saa za kungojea, ila kwa sharti moja: usitoke mahali pako. Ukivuka lango, saa zako zimekufa. Kulipwa kwa kusimama tu, nani angekataa?

Mado, mmoja wao, alisimama chini ya ukuta wa udongo unaozuia tope la taka za mgodi. Kijiwe kikateremka, kikagonga kofia yake ya plastiki. Akainua macho. Ukuta ulikuwa umepasuka, na ufa ulitoa maji mekundu.

"Mama Shekina," akamnong'oneza jirani yake, "unaona ile?"

"Mi naiona tangu asubui," akajibu yule mama bila kugeuza shingo. "Lakini kapita alisema tungoye."

Hakuna aliyesogea. Kila mmoja alimngojea mwenzake awe wa kwanza kupoteza saa zake. Vijiwe vikazidi kuanguka. Mado akashika chuma cha mkanda.

Ndipo kapita, msimamizi wao, aliposema, "Bamama, mubakie pale. Hakuna kitu. Saa zinatembea."

Sauti ile ilimtuliza Mado, mpaka alipotafuta inakotoka. Kila siku kapita husimama mgongoni mwao, hata pumzi yake wanaisikia. Leo alikuwa nje ya lango, kipaza sauti mkononi, ameshapanda pikipiki, nayo inaunguruma.

Mado akamshika Mama Shekina mkono, akaziacha saa zife.