Plasta Mdomoni

Muuguzi alipoingia zamu ya mchana, wodi ya watoto njiti ilikuwa kimya kupita kiasi. Kwenye kitanda cha tatu alikuta kichanga amebandikwa plasta mdomoni, juu ya chuchu ya mpira ya kunyonya, uso umemwiva kwa kilio kilichokosa pa kutokea.

“Analialia tu huyo, dada,” muuguzi mwenzake wa zamu ya asubuhi alisema, macho kwenye simu.

Muuguzi aliilowesha plasta, akaibandua taratibu, kisha akamkinga mtoto kichwa kwa kiganja kimoja na miguu kwa kingine, mpaka kichanga akasinzia.

“Mama yake anadhani amemwacha mikononi mwa watu,” alisema. “Twende kwa matroni.”

Jioni mwenzake aliondolewa wodini. Muuguzi hakufurahi; aliacha chai yake mezani, akarudi kitanda cha tatu.