Bibi Hedwiga Hawezi Kutangulia

Mtu aliyewahi kujitolea Ulaya utamjua kwenye harusi. Kadi ikisema saa kumi, saa kumi kasoro yupo ukumbini, amekaa peke yake katikati ya viti vya plastiki, anatazamana na fundi wa spika. Dada yangu Kunigunda alifanya hivyo wiki aliyorudi Mbinga. Bibi harusi mwenyewe alikuwa bado saluni. Nilimwambia siku nyingine aende na ufagio, asikae bure.

Kunigunda ni mtoto wa mama mkubwa, kwa hiyo ni dada yangu na sina pa kukatia rufaa. Alikaa mwaka mzima kwenye nyumba ya wazee katika mji mdogo kusini mwa Ujerumani, kupitia urafiki wa parokia yetu na parokia ya huko. Kazi yake ilikuwa kulisha wazee, kuwasukuma kwenye viti vya magurudumu na kuwasikiliza. Walimpenda kwanza kwa jina. Walikuwa hawajamsikia Kunigunda mwingine tangu wazike bibi zao. Watoto wa kule siku hizi wanapewa majina mafupi mafupi, yale marefu ya zamani wametuachia sisi Wamatengo tuwatunzie.

Aliporudi alipata kazi kwenye duka la dawa karibu na stendi. Meza yangu ya kutengeneza simu iko mlango wa pili, kwa hiyo mambo yake nayajua kuliko anavyopenda.

Walikuwa na kundi lao la WhatsApp, wote waliowahi kujitolea huko kutoka pande zetu za kusini. Siku ya kuagana waliahidiana kwamba hawatapotezana, na kwamba kazi waliyoianza wataiendeleza wakiwa nyumbani. Kazi yenyewe ikawa picha za theluji, maua ya heri ya kuzaliwa, na Stephano wa Songea kuuliza kama kuna anayekumbuka ule mkate mweusi unaitwaje. Nilimwambia Kunigunda kwamba hata kundi letu la waliomaliza shule ya kata lina uhai zaidi, maana sisi angalau tunagombana.

Kitu kimoja tu alikuwa hakukiacha. Kila Jumapili baada ya misa alimpigia simu ya video Bibi Gertruda, mmoja wa wazee aliokuwa akiwatunza. Bibi Gertruda alikuwa na miaka tisini na mbili, nywele nyeupe kama pamba, na mtoto mmoja wa kiume anayeishi mbali. Walikuwa wakiongea habari za hali ya hewa na maua ya dirishani. Mimi nilikuwa nashika simu, kwa sababu simu ya Kunigunda ilipasuka kamera na ninaambiwa kila siku niitengeneze.

Sasa mwezi wa tano akapanda kutoka Mbamba Bay bibi yetu Hedwiga, mama wa mama zetu, kuja kutibiwa goti. Alikuja na mfuko wa usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani kwao, kama anayekwenda nchi isiyo na chakula. Kwake yeye Mbinga ni baridi na maharage, na watu wanaolala mapema. Jumapili ya kwanza akakuta ile simu inaendelea barazani.

"Huyo ni nani?"

"Bibi Gertruda, bibi. Nilikuwa namtunza kule."

"Na unampigia lini na lini?"

"Kila Jumapili."

Bibi akanigeukia mimi, maana kwa utani wa bibi na mjukuu mimi ni mume wake. "Mume wangu, mimi nipo Mbamba Bay hapo chini, barabara ina lami. Huyu mara ya mwisho kuniona ilikuwa Krismasi. Labda nikihamia Ujerumani atanikumbuka."

"Viza utapata, mke wangu?"

"Kwa goti hili watanibeba wenyewe."

Nilicheka. Kunigunda hakucheka. Alikata simu mapema siku hiyo, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Wiki mbili baadaye muuguzi wa kule alimwandikia. Bibi Gertruda amekataa kula. Rafiki yake wa chumba cha jirani alifariki, na tangu hapo anafunga mdomo, anageukia dirishani. Daktari alizungumza habari ya mpira wa kupitishia chakula, mwenyewe akasema hautaki, na ni haki yake. Mtoto wake amekuja, amebembeleza, amerudi. Muuguzi aliuliza kama Kunigunda anaweza kujaribu, kwa sababu zamani mzee alikuwa akila kwa mkono wake. Akiendelea hivi hatafika mbali.

Kunigunda aliomba ruhusa ya mchana kazini, akajaribu siku nne. Muuguzi alisimamisha simu mezani mbele ya mzee, karibu na sahani, na dada yangu akawa anambembeleza kutoka Mbinga. Kubembeleza kwa Kijerumani kunasikika kama kumkamata mtu, lakini machozi yalikuwa karibu. Alimwomba. Aliimba. Alichukua mkate akala yeye, kuonyesha mfano. Bibi Gertruda alimtazama kwa upole, kama unavyomtazama mtoto wa jirani anayecheza, kisha akageukia dirishani.

"Mkono wangu haufiki," Kunigunda aliniambia. "Kule nilikuwa nashika kijiko. Hapa nashika nini?"

Nikamwambia anashika simu yangu na asiiangushe.

Siku ya tano ilikuwa Jumapili. Bibi Hedwiga alikuwa amerudi kutoka misani, ana njaa, na ugali wake umeshawekwa mezani barazani, pale pale tunapopigia simu. Usipa ulikuwa umeungwa na nyanya na harufu yake ilifika mpaka kwa jirani. Kunigunda akamwomba asogee kidogo.

"Nisogee wapi? Hii ni meza ya kulia."

"Dakika chache tu, bibi. Mgonjwa wangu hali."

"Na mimi nikikataa kula utanipigia video?"

Wakati huo simu ilishapokelewa. Mimi ndiye niliyekuwa nimeishika, na sikupata muda wa kuigeuza, kwa hiyo Bibi Gertruda akaonekana upande wake na supu na viazi vya kupondwa, na bibi yetu akaonekana upande huu na ugali. Bibi Hedwiga si mtu wa kukosa adabu mbele ya mgeni. Akajifunga kitenge vizuri. Akasalimia, akasalimiwa. Akanawa mikono. Akanyoosha mkono amege, halafu akausimamisha hewani.

"Huyu alizaliwa lini?"

"Ana miaka tisini na mbili," Kunigunda alisema.

"Basi ni mkubwa wangu." Akaurudisha mkono mapajani.

Tukasubiri. Hakumega.

"Bibi, kula."

"Nitatanguliaje? Mkubwa yupo mezani, chakula kiko mbele yake, mimi nimege kwanza? Atasema sikufundwa."

"Bibi, yupo Ujerumani," nikasema.

"Nimemwona wapi sasa? Si hapo? Mimi namwona, yeye ananiona, wote tuna chakula. Hiyo ni meza moja, mume wangu."

Mnajua ilivyo kwetu. Mkiwa kwenye sinia moja, mkono wa mdogo haugusi ugali kabla ya mkono wa mkubwa. Hata kama mkubwa anasimulia habari ndefu ya ng'ombe aliyepotea, unasikiliza habari ya ng'ombe. Baadaye watu walisema bibi alitumia akili. Hakutumia akili yoyote. Alikuwa na njaa na alikuwa na adabu, na vyote viwili vilimkaba kwa pamoja.

Mvuke wa ugali ukapungua, kisha ukakata kabisa. Bibi Gertruda, ambaye kwa siku nyingi hakuuliza chochote, akauliza kitu. Kunigunda akatutafsiria huku ananitazama mimi.

"Anauliza kwa nini yule mama hali."

"Mwambie," bibi akasema.

Akamwambia. Kutoka kule likaja jibu fupi.

"Anasema usimsubiri. Yeye hana njaa."

"Mwambie mimi ninayo, lakini siwezi."

"Anasema chakula chako kinapoa."

"Na chake kina moto? Mbona mimi naona kimepoa kuliko changu?"

Hilo Kunigunda alisita kulitafsiri. Nikamwambia atafsiri lote, asiwe kama kamusi ya shule iliyochanwa kurasa. Akatafsiri. Bibi Gertruda akatazama sahani yake, nadhani kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akatazama tena bibi yetu, aliyekuwa amekaa wima, mikono mapajani, anameza mate bila kujificha. Akasema kitu kwa hasira.

"Anasema huu ni ukaidi."

"Mwambie tumefanana."

Bibi Gertruda akashika kijiko. Muuguzi, aliyekuwa amesimama nyuma yake, hakusogea hata kidogo. Kijiko kikachota viazi, kidogo kama cha kumpa kifaranga, kikaenda mdomoni. Na bibi yetu papo hapo akamega tonge la ukubwa ule ule, akachovya, akala.

Kikafuata kijiko cha pili, na tonge la pili.

"Mwambie achote vizuri," bibi akasema huku anatafuna. "Kwa mwendo huu mimi nitashiba kesho."

Kunigunda alitafsiri. Yule mzee akacheka, kicheko kidogo kikavu, akachota kijiko kilichojaa. Alikula nusu ya sahani. Bibi yetu alimaliza wake, akasema asante kwa chakula, akaomba maji, kisha akamtazama Kunigunda kwa muda mrefu.

"Kesho anakula saa ngapi huyu?"

Hivyo ndivyo Bibi Hedwiga alivyobaki Mbinga. Goti lilipona, akasema bado. Kila mchana alikaa mbele ya simu na ugali wake, akilalamika kwamba wazungu wanakula wakati watu wengine wameshalala usingizi wa mchana. Tatizo likawa mkalimani. Kunigunda hakuweza kuacha duka kila siku, na Kijerumani changu kinaishia kwenye jina la kiwanda cha mashine. Ndipo akaandika kwenye lile kundi lao la maua na theluji.

Stephano akajibu kwanza. Atachukua Jumatatu na Jumatano. Emiliana wa Njombe akachukua Jumanne. Mwingine akachukua siku mbili, na wawili ambao walikuwa hawajaandika neno tangu waliporudi wakaomba nao wawekwe. Wakawa wanaingia kwenye simu kutoka mijini kwao, nyuso ndogo kwenye pembe ya kioo, wakivusha maneno ya bibi mmoja kwenda kwa bibi mwingine. Bibi yetu aliwajua wote na kuwapa madaraja. Emiliana alisifiwa. Stephano aliambiwa anatafsiri kama anasoma tangazo la ndoa kanisani.

"Wewe kijana, nimesema dada yangu leo amependeza. Ndivyo unavyomwambia mwanamke amependeza?"

"Samahani, bibi. Narudia."

"Rudia na tabasamu. Anakuona."

Ikaenda hivyo tangu baridi ya mwezi wa sita mpaka kahawa zikaisha kuvunwa, mpaka mvua za kwanza zikagonga bati. Bibi hao wawili waliambiana mambo ya kuzaa na kuzika. Bibi Gertruda alitaka kuonyeshwa usipa kwa karibu na akasema unamtazama vibaya. Bibi Hedwiga alionyeshwa viazi vya kupondwa na akauliza kwa nini wanampa mtu mzima chakula cha mtoto. Kunigunda alianza kushuka Mbamba Bay mwisho wa mwezi, kukagua nyumba ya bibi na kufagia uwanja, bila kuambiwa na mtu. Nilimtania kwamba sasa anajitolea nchini. Akasema ndiyo.

Mwezi wa kumi na mbili vijiko vikapungua tena, safari hii bila ukaidi. Muuguzi alisema mwili wenyewe unaaga polepole. Jumapili moja Kunigunda alikuwa zamu. Bibi Gertruda alikuwa kitandani, ameinuliwa kwa mito, sahani ndogo mbele yake. Bibi yetu alinawa, akaweka mikono mapajani, akasubiri kama kawaida.

Kijiko hakikuinuka. Bibi Gertruda alisema maneno machache, sauti haikufika kwetu. Muuguzi akainama, akayasikia, akayasema kwenye simu.

"Amesemaje?" bibi akauliza.

"Anasema ameshiba."

"Ameshiba, au amechoka?"

"Amesema ameshiba, bibi. Anasema yeye ndiye mkubwa, na anakuambia ule."

Kwetu pia mkubwa ndiye anayetoa mkono mapema kwenye sinia, akasema ameshiba, ili waliobaki wale. Hakuna anayembishia. Bibi aliitikia kwa kichwa, kuelekea kwenye simu, akavuta sahani karibu.

Kunigunda akanyoosha kidole akate simu, nadhani alitaka kumpa nafasi.

"Acha wazi," bibi akasema. "Nitakulaje peke yangu?"

Nikaishika simu kwa mikono miwili. Kule, macho ya Bibi Gertruda yalimfuata, yakafumba, yakafumbuka, yakamtafuta tena. Bibi yetu alimega matonge makubwa, akachovya, akatafuna bila haraka na bila kusema neno, mpaka akamaliza sahani yote, hata ule usipa wa pembeni ambao siku zote huniachia mimi.