Mpaka Hali Iruhusu

Serikali iliahidi kwamba wanajeshi wetu walio katika nchi rafiki watarudi Machi. Mimi Phelista, mke wa Sajini Jotham wa Naitiri, niliamini, na hilo ndilo kosa langu. Niliwaita wakwe wa Kiminini waje mwezi huo kuzungumza mahari ya binti yangu Emmy, maana kwetu mambo ya ng'ombe huzungumzwa na baba.

Wakaja wazee sita. Jotham hakuja. Msemaji wa serikali alisema redioni kwamba vijana wetu watabaki mpaka marafiki waweze kujilinda, na tarehe ya kurudi itatangazwa hali ikiruhusu.

Mzee Absalom, baba mdogo wa bwana harusi, alisema kurudi nyumbani bila ng'ombe kutajwa ni mkosi. Wangesubiri. Isitoshe, boma lisilo na mwanamume linahitaji ulinzi. Sikuwa nimeomba ulinzi. Kuku wangu walikuwa salama kabisa mpaka walinzi walipofika. Kufikia siku ya tisa kuku walikuwa wamebaki watatu. Kila asubuhi wazee walizunguka ua mara moja, kisha wakarudi kukaa kungoja chai.

Nilipouliza wataondoka lini, Absalom alijibu kwa upole, "Mama Emmy, si hatuwezi kukuacha peke yako. Tutatoka pole pole, kwa awamu."

Awamu ya kwanza alitoka mzee mmoja, akaenda Kitale kung'olewa jino. Akarudi na mwenzake.

Jotham alipopiga simu nilimlalamikia mpaka nikaishiwa pumzi.

"Hata huku wenyeji wanatuuliza hiyo swali," akasema. "Na sisi tunawajibu hivyo hivyo."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikaenda kupika, maana walinzi walikuwa na njaa.

Lakini Emmy alikuwa na mimba ya miezi minane, na mimba haingoji tamko la mtu. Mtoto akizaliwa kabla ya mazungumzo, mwanangu angeolewa kwa aibu, ama asiolewe kabisa.

Ijumaa msemaji akarudi redioni. Ahadi yetu kwa marafiki haiyumbi, alisema; wanajeshi wataongezewa mwaka mmoja, na baada ya hapo hali itaangaliwa upya. Absalom alisifu msimamo huo, akauliza kama chai iko tayari.

Niliingia chumbani, nikatoa kiti cha Jotham, nikakiweka mbele yao na kukikalia.

"Tuongee ng'ombe," nikasema. "Naanza na kumi na tatu."

Wazee wote saba walivua kofia. Kwetu, mwanamke anayekalia kiti cha mumewe ni yule aliyekwisha kumzika. Absalom alisogea karibu, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepokea habari mbaya kutoka huko.

"Ndiyo," nikamwambia. "Si tumesikia wote saa hii."