Mstari Usiokata Kona

Mstari wa mawe haukati kona. Hayo ndiyo maneno ya Mzee Brannok, mkuu wa wajenzi, na huyo mtu hata nzi akimtulia puani hageuzi kichwa. Wajenzi wake walikuwa wanagawa nyanda za juu kati ya ukoo wetu na ukoo wa ng'ambo, basi ukuta ukapanda mlima, ukashuka, ukaingia kwenye tope likaumeza, wakajenga mwingine juu yake. Njiani walimkuta fahali amelala. Kumzunguka hawakutaka, kumwamsha wakaogopa, wakakaa wakamsubiri mpaka alipochoka kulala mwenyewe.

Asubuhi moja natoka nje kumwaga maji, nakuta mawe yanakuja moja kwa moja mlangoni kwangu. Anayeyapanga mbele ya wote ni Keto, mume wangu, ambaye sikuwa nimemtia machoni tangu tulipopanda shayiri.

Nikauliza kulikoni. Mzee Brannok akanieleza kwa upole kabisa kwamba ukuta utapita katikati ya nyumba. Mlango utabaki kwetu, jiko litakuwa la ng'ambo, na nikitaka kupika nitawaomba wao ruhusa. Kitanda nacho, akasema, kitagawanywa kwa haki. Nyumba hii niliijenga na marehemu mama yangu, kwa mikono yetu. Machozi yakanijia, nikayageuza matusi.

Kisha nikamgeukia Keto. "Na wewe bwana, nyika yote hii, hukuona pa kupita ila kwangu?"

Akaangalia miguu yake. Akasema waliagizwa waulenge ule mwamba mkubwa kileleni, lakini ukungu uliufunika huko juu tangu siku ya kwanza, naye akaona haya kusema.

"Sasa ukawa unalenga nini?"

"Moshi wako, mama watoto."

Mzee Brannok akasema mstari ni mstari, hata ukiwa wa kijinga, Keto apite hapo hapo mlangoni asonge mbele. Keto akainua jiwe. Akatazama ng'ambo ya nyumba, tope na ukungu mtupu, akalishusha taratibu.

"Mzee, nielekee wapi? Mbele ya hapa sina ninachokitazama."

Mzee alifoka mpaka sauti ikamkauka, na hakuna aliyegusa jiwe. Ukuta ukaishia hapo, ng'ambo wanatucheka mpaka leo. Keto nilimtukana huku nampakulia uji, akala chungu kizima.