Raphaël Anayeamka

Prefe, yaani mkuu wa shule, alinikalisha kwenye kiti cha wageni, akafunga mlango, kisha akaniuliza kama najua ninafuga nini nyumbani kwangu. Ninafuga! Nilitaka kumjibu kwamba ninafuga kuku wawili na mtoto wa mdogo wangu, na wote wanakula vizuri. Nikajizuia, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa bado amesimama nje juani, na shati lake lina damu ya mwenzake.

"Mama Sonia," akasema, "Aristote amemupiga Yves na kiti. Nyusi imepasuka. Walimu wawili ndio wamemutoa juu yake. Na sababu ni nini? Simu! Muchezo wa bunduki. Mutoto anaua watu mu simu kila siku, halafu unafikiri mikono yake itajua kama muchezo umeisha?"

Alinipa mpaka Jumatatu. Aristote arudi bila mchezo ule, la sivyo asirudi kabisa. "Na akitoka hapa," akaongeza huku anafungua mlango, "unajua vijana bila shule wanaenda wapi. Salamabila iko na nafasi." Nilijua, nani asiyejua? Kule kuna mashimo ya dhahabu, na kuna wenye bunduki wanaoyazunguka, na kijana wa miaka kumi na mitano mwenye hasira anapokelewa pote pawili. Nilivuka mji wote wa Kasongo kwa miguu kurudi nyumbani, nikimshika Aristote mkono kama mtoto mdogo, naye hakujaribu kuutoa.

Huyu Aristote ni mtoto wa mdogo wangu Raphaël. Mama yake alifariki akimzaa. Raphaël alikuwa anachimba Salamabila, anarudi Lusangi nyumbani kwake akipata kitu, na mara ya mwisho alirudi na simu nzuri yenye mchezo huo. Baba na mwana walikuwa wanacheza pamoja jioni, wanabishana kama vijana wa rika moja. Halafu mwaka juzi watu wenye silaha wakapita Lusangi. Watu wakakimbilia porini, na waliporudi asubuhi Raphaël hakuwepo. Hakuna aliyeona maiti. Aristote tu ndiye aliyesema ameona baba yake akianguka kwenye njia.

Yaya Placide, kaka yetu mkubwa, maana kwetu mkubwa wa kuzaliwa huitwa yaya, alimjibu mbele ya ukoo mzima: "Umeona vibaya. Ulikuwa na woga." Akatoa na amri yake: bila maiti hakuna matanga, na atakayemlilia Raphaël ndiye anayemuua. Basi tukanyamaza. Mtu akiniuliza habari za Raphaël sokoni ninakouza mandazi, ninajibu, "Hajarudi." Mwaka wa kwanza ninajibu hivyo, mwaka wa pili hivyo hivyo, mpaka watu wakachoka kuuliza. Aristote nikamleta kwangu Kasongo. Alikuja na nguo alizovaa na ile simu, na yale aliyoyaona hakuyarudia tena.

Jumamosi ile nilitoka sokoni mapema, nikakaa karibu naye kwenye mkeka. "Nionyeshe," nikamwambia. "Nataka nijue shetani gani anataka kunifukuzia mutoto shuleni."

Aliniangalia kama nimemwambia avue nguo. Kisha akasogea.

Nikaona mwanajeshi anakimbia katikati ya nyumba zilizobomoka. Juu ya kichwa chake kuna maandishi, yanamfuata kila anakokwenda: RAPHAËL. Nilisoma mara ya pili.

"Nani ameandika hii jina?"

"Papa mwenyewe. Muchezo ni wake, shangazi. Mimi ninamuchezea tu mpaka arudi."

Hakumaliza kusema, mwanajeshi akapigwa. Alianguka kifudifudi, kioo kikawa chekundu. Aristote aliweka mikono magotini, akasubiri bila kupumua, macho hayapepesi. Na mimi nikasubiri. Halafu mwanajeshi akasimama tena, mzima, nguo safi, jina lake juu ya kichwa.

"Ameamuka," Aristote akasema, akapumua.

Nasema ukweli, niliogopa. Lakini sikuondoka. Nilikaa pale, mimi mwanamke mzima mwenye sufuria ya mafuta inayonisubiri, nikamwangalia mdogo wangu anakufa na kuamka, anakufa na kuamka, na kila alipoamka kifua changu kilikuwa chepesi. Haikupita muda nikajisikia napiga kelele: "Raphaël, nyuma yako! Toka hapo!"

Sonia, binti yangu, akachungulia kutoka jikoni na uso wote umefurahi. "Mama, mjomba Raphaël amerudi?"

Jamani. Nilimwambia akoroge unga.

Siku ya pili, tulipotoka kanisani, nilifunga mandazi katika kitambaa nikaenda kwa akina Yves kuomba samahani. Mama yake alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Yves alikuwa na bandeji, jicho limevimba. Nikamwomba anieleze ugomvi ulianzaje, maana kwa Aristote nilikuwa sijapata neno.

"Nilimuomba simu nicheze kidogo," akasema. "Yule mutu wake akapigwa. Mimi nikacheka tu. Nikamuambia: papa yako amekufa tena."

Mama yake alimfinya shavu mpaka akalia. Nikamwambia amwache, mtoto alikuwa anatania. Lakini neno lile la mwisho lilinifuata njia nzima. Tena! Kumbe Aristote alikuwa anamwona baba yake akifa kila siku, na sisi watu wazima tumekazana kumwambia hakuona kitu. Na mimi jana yake nilikuwa nimekaa karibu naye kwenye mkeka, ninafurahi pamoja naye.

Nilikwenda moja kwa moja kwa yaya Placide. Sikukaa hata alipovuta kiti.

"Yaya, huyu mutoto hagonjwi na simu. Anagonjwa na baba yake. Tufanye matanga."

"Matanga ya nani?"

"Unajua ya nani!"

Yaya Placide ni mtu mpole, na siku hiyo pia hakupandisha sauti. "Régina, unataka nimuzike mudogo wangu kwa kubahatisha? Akirudi kesho, nimuambie nini? Kwamba tulikula matanga yake?" Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Basi nikafahamu kwamba huyu mzee naye anamchezea Raphaël mpaka arudi, ila tu hana simu. Nilimwonea huruma, na hasira yangu haikupungua hata kidogo.

Alivaa kofia yake akaja nami nyumbani. Nilidhani anakuja kuzungumza na kijana. Aliingia, akaichukua simu mkononi mwa Aristote, akaenda nayo mpaka chooni nyuma ya nyumba, akaitumbukiza. "Muchezo umeisha," akasema. "Kesho anarudi shule."

Nilisubiri Aristote aruke, apige, avunje kitu. Prefe angekuwepo angesubiri hivyo pia. Aristote alibaki ameketi, mikono wazi.

"Sasa ataamukia wapi?" akauliza.

Yaya Placide alijifanya hakusikia. Alirekebisha kofia yake na kuondoka, nami nikabaki na mtoto. Nikampa chakula. Hakula.

Jumatatu asubuhi nilikuta nguo zake za shule zimekunjwa vizuri juu ya mkeka, mwenyewe hayupo. Salamabila! Ndilo wazo lililonijia, na miguu ikaanza kukimbia kabla sijavaa kandambili. Nilimkuta zinakopakia watu pikipiki za njia ya Kabambare, ile inayoelekea Lusangi na Salamabila, amekwisha kupanda nyuma ya Djuma, yule anayeniletea unga. Nikakamata shati lake.

"Unaenda wapi?"

"Lusangi."

"Lusangi au Salamabila? Usinidanganye!"

"Lusangi, shangazi. Ninaenda kumutafuta. Nilimuacha kule."

Ningeweza kumshusha. Ni mwembamba, na mimi nimenyanyua magunia tangu usichana. Lakini nimshushe nimpeleke wapi? Kwenye nyumba ambamo kila mtu anasema hajarudi? Angetoroka kesho, na kesho asingeishia Lusangi. Nilimwona waziwazi kwenye barabara fulani ya huko na bunduki ya kweli begani, nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

"Sogea," nikamwambia.

"Na mandazi ya leo, mama?" Djuma akauliza.

"Uza wewe!" Watu wakacheka, tukaondoka.

Njia ile si ya mtu mwenye kiuno kibovu. Tulisukuma pikipiki kwenye matope, tukavuka madaraja ya miti miwili, tukapanda, tukashuka. Kila tulipokutana na mtu kwenye njia, Aristote aligeuka kumtazama uso. Kila mtu. Mchimba dhahabu akipita na beleshi, anageuka. Mzee na baiskeli ya mawese, anageuka. Mwisho na mimi nikaanza kugeuka.

Lusangi tulifika jua liko juu. Djuma akabaki na pikipiki yake. Aristote alitangulia bila kuuliza mtu, akapita nyuma ya nyumba za watu, akaingia njia ya mashamba ya mihogo inayoteremka mtoni, akasimama penye mchikichi mmoja. Majani yalikuwa yameota. Mwanamke fulani alikuwa ameanika mihogo yake pale pale, kwenye mkeka.

"Hapa," akasema.

Aliketi chini ya mchikichi. Alizungumza bila kunitazama.

"Nilikuwa nakaa hivi. Papa alikuwa anatoka mtoni, mimi niko na simu, ninacheza. Nikasikia bunduki. Nilifikiri ni simu, shangazi. Kulikuwa na bunduki nyingi mu simu. Papa akapiga kelele, nikafikiri anataka nimupe zamu yake, nikamuambia: papa, ngoja kidogo. Kuinua macho, ameanguka." Alionyesha kwa kidole palipoanikwa mihogo. "Sikukimbia. Nilingoja aamuke. Kule mu simu anaamukaka kila mara. Watu wakapita wanakimbia, mama mmoja akanivuta, na mimi ninageuka tu, ninamuangalia. Tangu ile siku ninaondoa sauti. Ninacheza bila sauti."

Kisha akaweka mikono magotini, akaangalia ile ardhi kama alivyokuwa anaangalia kioo. Hapepesi, hapumui. Na mimi, Mungu anisamehe, niliangalia pamoja naye. Nilingoja. Mchana mweupe, mwanamke wa miaka arobaini na zaidi, nilingoja mdogo wangu asimame katikati ya mihogo ya watu na jina lake juu ya kichwa. Nzi walitua kwenye mkeka, wakaondoka, wakatua tena.

"Shangazi," Aristote akasema, "haamuki."

"Hapana, mwanangu. Haamuki. Raphaël amekufa. Uliona vizuri."

Nikamwona uso unavunjika. Akanishika miguu yote miwili.

Hapo ndipo sauti ilipotoka. Sikuiita. Ilitoka tumboni, nikaweka mikono kichwani, nikapiga kilio kile kinachopigwa siku ya kwanza, kinachomwita msiba kwa jina: "Raphaël eeh! Mudogo wangu eeh!" Kwetu, mwanamke akishapiga kilio kile, matanga yamefunguliwa, na hakuna mkubwa wa ukoo anayeweza kuyafunga. Nilijua. Nilijua na yaya Placide atakavyonikasirikia, nikazidisha.

Wanawake wakaanza kutoka kwenye nyumba, mmoja na mtoto mgongoni, mwingine na mikono ya unga, hata mwenye mihogo alikuja mbio. Hawakutujua. Walifungua vitambaa vyao vya kichwa, wakajifunga kiunoni, wakaanza kulia pamoja nami kabla hawajajua wanamlilia nani, maana kwetu kilio hakiachwi peke yake. Baadaye tu mmoja wao, mama mtu mzima, akainama akauliza: "Ni nani amekufa?"

Nilifungua kinywa nimjibu. Aristote alinitangulia.

"Ni papa yangu," akasema.