Shungi Lililokataa Kubanwa

Kabla ya kuuona uso, Filaina aliliona shungi. Lilikuwa dogo kama mkia wa panya, limechorwa kwenye sarafu ya dhahabu, chini ya kisogo cha Malkia, limejitenga na msuko.

"Pita, pita! Mwingine!"

Epafra, msimamizi wa watumwa wa jumba, aliishika sarafu ile kwa kitambaa. Malkia amekufa, na Kaisari ameamuru zipigwe sarafu za dhahabu kwa heshima yake: upande huu kichwa chake, upande wa pili tausi wa kumpeleka kwa miungu. Watumwa walikuwa wamepanga foleni waibusu.

"Ukiimeza, kaka, tutakungoja chooni," Bi Kalituke, mpishi, alimtania mbeba maji. Watu wakacheka.

Filaina hakucheka. Shungi lile alilijua. Mara ngapi alilipaka mafuta kisogoni mwa dada yake Trifosa, akalibana kwa kibanio cha mfupa, nalo likachomoka! Trifosa alikuwa akimwambia, "Liache, mdogo wangu. Kiburi tulichonyimwa sisi, limepewa lenyewe."

Malkia alipougua, nywele zilimtoka. Watu wa jumba wakaja na mkasi kwa wasusi wake, Filaina na Trifosa, zipatikane nywele za kumtengenezea nywele za bandia, na asijue mtu. Mkasi ulimwelekea Filaina. Trifosa akavua kitambaa chake kichwani.

"Za huyu manyoya ya paka! Chukueni zangu. Mimi nitaumwa na baridi ya masikio tu."

Filaina alitazama vidole vya miguu yake.

Msusi mwenye kipara haonyeshwi wageni. Trifosa alipelekwa shamba kukamua zeituni, na homa ya huko ikamchukua kabla nywele hazijamfika mabegani. Siku ya kuondoka, alipokwisha kupanda gari la nyumbu, Filaina alimpa mkate, lakini neno hakumpa. Alidhani watu wangemtazama.

"Filaina!" Epafra aliita. "Si wewe uliyekuwa ukimsuka Malkia? Hebu njoo mbele. Tazameni nywele zilivyomjaa Malkia! Kaisari mwenyewe amezisifu. Mikono yako ina zawadi hapa."

"Nenda, mwanangu, haya za nini?" Bi Kalituke alimsukuma mgongoni. "Sema asante, basi. Au ulimi umeusahau jikoni kwangu?"

Filaina akasogea. Wenzake wote walikuwa wamebusu shavu. Yeye aliinama akabusu kisogo. Dhahabu ilikuwa na joto la kiganja cha Epafra. Alijua walivyofanywa waliotoa siri za chumba cha Malkia, na alijua kwamba akinyamaza tena, zawadi ataipata, na nywele zile zitabaki za Malkia milele.

"Haya, sema," Epafra alimhimiza.

Filaina hakumtazama. Aliitazama sarafu, pale penye shungi.

"Asante, dada Trifosa," alisema, na sauti yake ikafika hadi mwisho wa foleni. "Nywele hizi ni zako."